Kikohozi cha Kambere

Alhamisi ile, ilipofika saa tatu asubuhi, Rébecca alikuwa ameshamshutumu Kambere mara nne, na mara zote nne Kambere alikuwa ametulia kama mtu ambaye kesi haimhusu.

Kambere mwenyewe si mtu. Ni silinda ya pili. Katika gereji ya Maître Edmond, yaani Mwalimu Edmond, pale Vutetse mjini Butembo, silinda za injini hazina namba, zina majina, na majina yenyewe ni yale ambayo kila mtoto wa kiume wa Kinande hupewa kufuatana na zamu yake ya kutoka tumboni mwa mama: wa kwanza Paluku, wa pili Kambere, halafu Kasereka, Kakule, Katembo na Mbusa. Maître Edmond aliyaandika ukutani kwa rangi nyeupe miaka thelathini iliyopita, baada ya kuchoshwa na wanafunzi waliokuwa wakifunga waya za injini shaghalabaghala. "Mutu anaweza sahau namba," alikuwa akisema, "mais Munande gani anasahau kama Kasereka anamufuata Kambere?" Na kweli, hakuna aliyesahau. Nusu ya mafundi wa Butembo walijifunza kazi chini ya ukuta ule, na mpaka leo ukimsikia fundi wa mjini akilalamika kwamba Kakule anakunywa oil, usidhani anamsengenya jirani yake.

Rébecca alikuwa binti wa Maître Edmond, mwenye umri wa miaka ishirini na saba. Alikuwa amerithi mikono ya baba yake na ulimi wa mama yake, na jeep iliyokuwa imefunguliwa boneti mbele yake asubuhi hiyo ilikuwa ya Mama Bénite wa Beni. Mama Bénite ana jeep nane zinazobeba abiria na mizigo mpaka Mutwanga na kwingineko, na akisema saa tisa, basi saa tisa na dakika moja ni kesho. Alikuwa anatafuta fundi mkuu wa jeep zake zote. Wengine wangewaita mafundi wawaulize maswali. Yeye aliwatumia mgonjwa. Jeep moja, iliyoanza kukohoa mlimani tangu siku ilipofungwa vipuri vipya, ilipandishwa Butembo ili izunguke gereji tatu, siku mbili kila gereji. Atakayeirudisha Beni ikipanda mlima bila taa ya injini kuwaka, na akaeleza sababu kwa kinywa chake mwenyewe, kazi ni yake. "Taa ikizima bila sababu," alisema Mama Bénite kwenye simu, "itawaka tena bila sababu."

Gereji mbili za kwanza, zote za wanafunzi wa zamani wa Maître Edmond, zilikuwa zimeshindwa. Ya tatu ndiyo hii, siku ya pili ndiyo hii, na saa tisa alasiri ndiyo mwisho.

Rébecca aliitaka kazi ile mpaka chakula kilikuwa hakimshuki. Kuwa fundi mkuu, awe na gereji yake anayoifungua mwenyewe asubuhi, aseme neno na magari manane yamtii! Isitoshe, mama yake alikuwa ameliweka jambo lote mbele ya kanisa Jumapili, kwa jina na kwa sauti, wakati wa maombi. Kwa hiyo hata nafasi ya kushindwa kimyakimya hakuwa nayo.

Vipuri vyenyewe vilikuwa bobine sita. Bobine ni kile kidude kinachokaa juu ya kila silinda na kuipa bougie umeme wa kutoa cheche. Bila cheche silinda haiwaki, na silinda isipowaka gari linakohoa. Hizi zilikuwa mpya, hazina hata jina la kiwanda, zilitoka kwenye boksi lenye picha ya simba anayetabasamu. Rébecca alichomeka skana yake chini ya usukani, kifaa cheusi kinacholingana na kitabu cha nyimbo za kanisani, akasoma: P0302. Herufi na tarakimu za mbele zilimwambia kwamba kuna silinda inayokosa kuwaka. Tarakimu ya mwisho ndiyo iliyotaja jina la mgonjwa. Mbili. Kambere.

Njia ya kumkamata mwizi wa namna hii ni ya kale: unamhamisha nyumba. Rébecca alichukua bobine ya Kambere akampa Kasereka, ya Kasereka akampa Kambere, akafuta ile code ya P0302, akapandisha jeep kwenye kilima cha nyuma ya gereji. Kama bobine ndiyo mbovu, ugonjwa ungehama nayo na skana ingesema tatu. Walifika katikati ya kilima, jeep ikakohoa, taa ikapepesa, skana ikasema: mbili. Akabadilisha bougie. Mbili. Akasafisha waya. Mbili. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye injekta na mpini wake sikioni, akasikia ikigonga vizuri kabisa, akapanda tena kilima huku akiomba. Mbili.

"Papa, inarudia tu," alisema akiruka chini. "Ya mara ine sasa."

Maître Edmond alikuwa amekaa juu ya tairi, akifuta spana moja ambayo tayari ilikuwa inang'aa. "Bougie?"

"Niliisha badilisha."

"Injecteur?"

"Anapiga muzuri sana, anashinda ata bengine."

"Basi ni soupape. Kambere akipata moto, soupape inakwama." Akaiweka spana chini taratibu. "Fungua culasse."

Culasse ni kichwa cha injini, ndani yake zimo soupape, yaani vali. Kukifungua na kukirudisha ni siku mbili, tena kama kila kitu kimekwenda vizuri, na lini kila kitu kimekwenda vizuri?

"Papa, Mama Bénite alisema saa tisa. Ya leo!"

"Mama Bénite hapana fundi. Moteur haiangaliake saa."

"Mais mupimaji wa compression ungetuambia bila kufungua!"

"Muyisa aliukopa," alisema Maître Edmond, maana kifaa cha kupimia mgandamizo wa silinda alikuwa nacho kimoja tu. Muyisa ndiye mwenye gereji ya kwanza iliyoshindwa, na vitu vya kukopa vya Butembo vina tabia ya kusahau njia ya nyumbani.

Wa tatu pale alikuwa Kitsa, dereva wa jeep. Mama Bénite alimtuma aandamane na gari lake kama mzazi hospitalini, na kwa siku sita alikuwa amekunywa chai ya gereji zote tatu. Mkono mmoja ulishika kikombe, wa pili beignet, yaani andazi. Yeye ndiye aliyefunga zile bobine za simba, kwa nia njema ya kuifurahisha jeep, na tangu hapo kila fundi alikuwa akimchokoza.

"Weye Kitsa," alisema Maître Edmond, "ungeacha bobine za zamani, leo Kambere angekuwa mutu muzima."

"Maître, munamuonea bure ule Kambere." Kitsa akauelekezea ukuta beignet yake. "Siku mbili naangalia hii majina yenu. Kwetu hayangefaa kitu."

"Ju ya nini?"

"Si kwetu hakuna Paluku, hakuna Kambere! Mama alianza na mapacha, Nguru na Ndobi. Mie nikafuata, njo maana naitwa Kitsa. Ukikuja kwetu na Paluku-Kambere-Kasereka yako, unapoteza batu."

Maître Edmond akacheka, maana jambo hilo nani halijui? Mapacha wana majina yao, na anayewafuata ana lake. Lakini Kitsa alikuwa amenoga. "Mama anasemaka alikuwa analala katikati, Nguru huku, Ndobi huku. Ananyonyesha huyu, anageuka, ananyonyesha ule. Anageuka tena." Na beignet yake ikawa inakwenda kulia, kushoto, kulia, kushoto, juu ya boneti iliyo wazi.

Rébecca aliifuata ile beignet kwa macho. Kisha akaiangalia injini iliyokuwa chini yake.

Silinda tatu kulia. Silinda tatu kushoto.

Injini zote alizozizoea maishani mwake zilikuwa za mstari mmoja, silinda nne zimepangwa kama watoto wanaoingia darasani. Hizi za V6 zinakunywa mno essence, yaani petroli, watu wa Butembo hawazipendi, na mbili alizowahi kuzishika hazikuwa na ugonjwa wa code. Kwa hiyo alihesabu kama baba yake alivyohesabu, kama Muyisa alivyohesabu, kama mji mzima ulivyohesabu: Paluku, Kambere, Kasereka kushuka upande wa kulia mpaka mwisho, halafu Kakule, Katembo, Mbusa upande wa kushoto. Nani aliwaambia kwamba aliyeitengeneza alihesabu hivyo?

"Papa," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Na kama hii moteur ilizaa mapacha?"

"Unasema nini?"

"Mumoja huku, mumoja huku! Wa kwanza kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia! Donc Kambere si huyu!"

Maître Edmond aliinuka kutoka kwenye tairi. Miaka thelathini ilikuwa imeandikwa ukutani nyuma yake kwa rangi ya mafuta.

"Tuulize yenyewe," alisema Rébecca. Kuuliza si ujinga, na skana haibishani na mtu. Haioni ukuta, haijui Kinande, inahesabu kama ilivyofundishwa na kiwanda. Akachomoa kwa makusudi waya wa bobine ya yule waliyekuwa wanamwita Kambere. Kama kweli ni wa pili, skana itasema mbili. "Kitsa! Washa!"

Kitsa aliweka beignet juu ya betri, jambo ambalo si zuri, akaruka ndani. Injini ikawaka ikitetemeka kama mtu mwenye malaria. Rébecca alishika skana kwa mikono miwili. Mduara mdogo ukazunguka kwenye kioo, ukazunguka, ukazunguka, mpaka akatamani kuutikisa. Halafu: P0303. Na chini yake code nyingine, nayo ikiishia na tatu.

"Tatu!" alipiga kelele. "Papa, ni tatu! Tunamuita Kambere, kumbe ni Kasereka!"

"Angalia muzuri."

"Kuja uangalie weye!"

Maître Edmond akaja, akavaa miwani, akaangalia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeinama, akarudisha waya wa kulia, akanyoosha mkono mpaka silinda ya mbele kabisa ya upande wa kushoto, ile ambayo kwa hesabu yake ya siku zote ni ya nne, na akachomoa waya wake. Rébecca alifuta code. Injini ikatetemeka tena. Mduara ukazunguka.

P0302.

"Ni Kakule!" Rébecca aliruka juu mpaka kiatu kimoja kikamtoka. "Kakule njo anakohoa! Siku sita! Kambere hana kosa!"

Ng'ambo ya barabara kuna mama muuza viazi vya Kipese ambaye shemeji yake anaitwa Kakule, na mama huyo alisimama kabisa kuangalia kuna nini.

Kutoka hapo hakuna aliyetembea, wote walikimbia. Bobine ya Kakule ikahamishwa mpaka silinda ya mwisho upande uleule, ya Mbusa, na ya Mbusa ikaletwa kwa Kakule. Code ikafutwa. Wote watatu wakajazana ndani na jeep ikakwea kilima, Kitsa akikanyaga moto kama anafukuzwa. Katikati ya kilima ikakohoa, taa ikapepesa, na Rébecca akasoma kwa sauti ambayo kanisa zima lingeisikia: "Sita! Imehama! Inasema sita!" Wakapiga makofi. Sidhani kama taa ya injini imewahi kushangiliwa namna hiyo tangu magari yaingie Butembo, maana kwa kawaida ikipepesa watu hulia.

Bobine ilikuwa imepatikana. Kwenye tambarare ilifanya kazi kama ndugu zake. Ikibebeshwa mlima, ilikata. Sasa ilibaki moja ya kuweka badala yake, na saa ilikuwa sita na robo.

"Ninapata wapi bobine ya V6 mu saa moja?" Rébecca alishika kichwa.

Kitsa akakohoa kidogo, kikohozi chake mwenyewe. "Mie situpake kitu," alisema kwa haya, akavuta kutoka chini ya kiti mfuko wa maharage. Ndani yake zililala bobine sita za zamani, zimefungwa kwenye gazeti moja moja kama mayai.

"Kitsa, ningekuwa na dada ningekupa umuoe!"

Waliifunga moja ya zile za zamani kwa Mbusa, alikohamishiwa ile mbovu. Wakapanda kilima. Kimya. Wakapanda tena, mara hii kwa gia ya juu ili injini iumie. Kimya. Mara ya tatu Rébecca alipanda akiimba.

Aliporudi alimkuta baba yake mbele ya ukuta. Mara hiyo ya tatu hakupanda nao. Alikuwa ameshika msumari na anakwangua herufi ya kwanza ya neno Kakule, na rangi ya miaka thelathini ilikuwa inamshinda.

"Ile jeep ya padri," alisema bila kugeuka. "Unaikumbuka? Ulikuwa ungali ku masomo. Ilikuwa V6. Nilifungua culasse mara mbili, nikamwambia padri ni yeye anaendesha vibaya. Aliniamini. Aliomba ata musamaha."

Rébecca aliona aibu kwa sababu furaha ilikuwa bado inampiga kifuani, na yenyewe haikujua kwamba baba yake ana huzuni.

"Nakuja ku Beni," alisema Maître Edmond, akautupa msumari. "Tuende. Saa inafika saba."

Barabara ya Beni mnaijua, na kama hamuijui, mshukuruni Mungu. Kitsa aliendesha, Rébecca alikaa mbele na skana mapajani, Maître Edmond nyuma na mfuko wa maharage. Walipita Maboya nyuma ya lori lililowalisha vumbi kilomita nne nzima. Walishuka Kabasha, bonde likajifungua chini yao, na jeep ikashuka vizuri, jambo ambalo halikuthibitisha kitu, kwa kuwa hata gari mahututi linajua kuteremka. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja aliona ile skana.

"Mama, eza nini?" aliuliza kwa Kilingala, akiinyooshea kidole.

"Ni ya kusikiliza moteur, chef. Kama inakohoa."

Askari akachangamka, maana gari lao nalo lilikuwa linakohoa. "Motuka na biso mpe ezali kokosola!" Akataka kuwaonyesha gari lao wakati huohuo, na ilibidi Rébecca aapishwe kwamba siku ya kurudi ataliangalia ndipo kamba ikashushwa. Dakika kumi zilikwenda hivyo. Kitsa akakanyaga moto, Maître Edmond akashika mlango, na Rébecca akaacha kuangalia saa kwa sababu moyo haukuwa unaweza tena.

Waliingia uani kwa Mama Bénite saa tisa kasoro dakika tano. Alikuwa amesimama langoni, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa barabara, simu mkononi kwa ajili ya kusoma saa.

"Bwana asifiwe."

"Amina, Mama."

Alizunguka jeep mara moja, akafungua mlango wa mbele, akaketi. "Weye njo unaendesha," alimwambia Rébecca. "Tuende mpaka Kabasha."

Wakarudi njia ileile waliyotoka, safari hii kwa kupanda. Rébecca aliendesha, Mama Bénite akiwa pembeni yake, na wanaume wawili nyuma kama wanakwaya waliochelewa. Mama Bénite hakuangalia barabara hata mara moja. Aliangalia dashibodi. Mlima ulipoanza, Rébecca alikanyaga, injini ikashika, ikavuta, na yeye akaanza kuwahesabu kimoyomoyo: huku, kule, huku, kule, huku, kule. Kona ya kwanza. Kona ya pili, ile yenye mawe, ambapo Kitsa alisema ndipo kikohozi huanza siku zote. Kitsa nyuma aliacha kupumua. Jeep ikapita mawe ikinguruma kwa sauti moja iliyonyooka, ikaimeza kona ya tatu, ikaimeza ya nne, na Rébecca alitaka kufungua dirisha apige kelele mpaka Butembo wamsikie.

Juu kabisa, penye wauza kabichi na vitunguu, Mama Bénite alisema, "Simama hapa."

Akasimama. Injini ikaendelea kunong'ona.

"Taa haikuwaka," alisema Mama Bénite. "Muzuri. Sasa uniambie sababu."

"Bobine moja ilikuwa mubaya, Mama. Mu plat inafanya kazi, ukipanda inakata. Tuliisha iondosha."

"Iyo nimeisikia. Mie nauliza ingine. Garage tatu, siku sita, na bote muko na skana. Ju ya nini hamukuiona?"

Jibu Rébecca alilijua. Lakini Kitsa ni dereva, na madereva ndio redio ya nchi hii: likitamkwa hapa, kufika Jumamosi watu watakuwa wanacheka mpaka Kasindi kwamba Maître Edmond wa Butembo hajui kuhesabu mpaka sita. Akinyamaza, mwanamke huyu atashuka, na kazi itashuka naye. Kwenye kioo aliona macho ya baba yake.

"Tuli...," alianza. "Ni kusema, tuli..."

"Ni mie," alisema Maître Edmond.

Mama Bénite akageuka.

"Mama, mie njo nilibafundisha bote kuhesabu, na nilibafundisha vibaya. Moteur hii inazaa mapacha, mumoja huku, mumoja huku. Mie nilikuwa naihesabu kama batoto ba mustari. Muyisa na ule mwingine balikuwa banatafuta ugonjwa fasi nilibaonyesha." Alivua kofia yake. "Na leo asubuhi nilimwambia huyu afungue culasse. Angenitii, moteur yako ingekuwa iko chini mu vipande. Yeye peke yake aliwaza kuiuliza moteur yenyewe."

Kabichi ilikuwa inapimwa nje, mtu anabishana kuhusu vitunguu. Rébecca hakuthubutu kugeuza shingo.

"Muzee," alisema Mama Bénite mwishowe, "unajua nilianza kutafuta fundi mwezi gani? Wa pili, na sasa mwaka unaisha. Kila mutu ananiambia kosa ni ya essence, ni ya barabara, ni ya dereva." Kitsa akainama. "Weye ni wa kwanza kuniambia kosa ni ya weye. Na ata haukuwa unaomba kazi."

Akamgeukia Rébecca. "Zimebaki saba. Moja inavuja, moja haitaki kuwaka asubuhi, zingine nitakueleza mu njia. Tunashuka leo, ao unangoja kesho?"

"Leo!" alisema Rébecca kabla swali halijakwisha.

Maître Edmond alishuka ili angoje gari la kumrudisha Butembo. Alimshika binti yake kichwani kupitia dirishani, kwa mkono ulionuka grisi, akasema "Wasingya", asante ya Kinande, mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, kama vile ni yeye aliyepewa kazi. Halafu, kabla hata jeep haijageuzwa, akatoa simu. Kama wazee wote, aliiweka kwenye spika na akaishika mbali na uso wake.

"Muyisa! Nisikilize. Chukua rangi sasa hivi, uende ku ukuta yako. Zile V6 zinazaa mapacha! Eee, mapacha! Wa pili iko kushoto! Si kulia, kushoto! Nilikufundisha vibaya, mwanangu. Ambia na bengine. Na urudishe mupimaji yangu."

Sauti ya Muyisa ikatoka ikikwaruza, watu wa kabichi wote wakasikia. "Maître! Na iyo yote ni nani alikufundisha?"

Maître Edmond akaiangalia jeep, na binti yake ndani yake.

"Mwalimu wangu," alisema. "Anashuka ku Beni. Ukipata shida ya V6, usiniite tena mie, umuite yeye."

Rébecca akatia gia. Machozi yalikuwa yamemjaa mpaka dashibodi yote ikawa ukungu, ingawa taa ya injini, kama ingewaka, hapana shaka angeiona.

"Pangusa macho kwanza," alisema Mama Bénite, akifunga mkanda. "Jeep ni yangu."